Naomba ushauri: CT skani ya kifua kwa majeruhi ambaye eksirei yake ni safi

Ndugu wanachama, salaam. Mimi ni daktari wa zamu katika idara ya dharura, na naomba ushauri wenu kuhusu majeruhi wa ajali walioumia kifuani lakini presha, mapigo ya moyo na kiwango chao cha oksijeni ni vya kawaida. (Ambaye presha yake haijatulia simpeleki skani, hilo halina mjadala.)

Tunaanza na eksirei na ultrasaundi. Kinachonisumbua ni kwamba eksirei inapopigwa mgonjwa akiwa amelala chali, hewa iliyovuja nje ya pafu hupanda na kutanda upande wa mbele wa kifua, hivyo picha huweza kuonekana safi kabisa. Vilevile ufa wa mbavu na mchubuko wa pafu huonekana vizuri zaidi kwenye CT skani. Hata hivyo, skani moja ya kifua hutoa mionzi ya takriban milisiveti 7, ilhali eksirei hutoa takriban 0.1, na kwa kijana tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Nimejaribu kuwachuja kwa umri, mwendo wa gari, ulevi, kupungua kwa fahamu na maumivu kifua kinapobonyezwa, lakini bado wengi mno wanaangukia kundi la kupigwa CT skani.

Je, maumivu ya kubonyezwa pekee, vipimo vya awali vikiwa safi, yanatosha kuagiza CT skani? Na hewa kidogo inayoonekana kwenye skani tu, mgonjwa akipumua vizuri bila mashine, mnamwekea mrija wa kutoa hewa hiyo kifuani au mnamfuatilia kwa karibu, na kwa muda gani?