Mjadala: Kodi yetu igharamie kompaila huria ya akili mnemba?

Kijana wa Makole: Wakuu, salaam. Hapa Dodoma wapo vijana wanaotaka kuomba fedha za umma ili waandike, tangu mstari wa kwanza, kompaila huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, ya modeli za kujifunza kwa mashine pamoja na rantaimu yake. Kompaila ndiyo inayoichukua modeli iliyofundishwa kwa PyTorch, zana ya kufundishia modeli, na kuigeuza kuwa maelekezo ambayo chipu ya simu inayaelewa, na rantaimu ndiyo inayoyaendesha humo ndani. Mimi nasema wajiunge na miradi ya kompaila ya TVM au MLIR, ambayo ni huria tayari, kuliko kuanza upya kwa kodi yetu. Mnasemaje?

Baharia wa Kigamboni: TVM ni ya Google, na Google ina wahandisi wa kumwaga. Ninyi wa huko kwenye vumbi endeleeni na zabibu zenu, kompaila waachieni wenyewe.

Mkulima wa Hombolo: Ndugu Baharia, nianze na hilo vumbi. Vumbi hili huvunwa zabibu mara mbili kwa mwaka, wakati Ufaransa yote, pamoja na sifa zake, huvuna mara moja. Msimu uliopita niliona unga mweupe juu ya majani, nikalipiga picha jani moja kwa simu yangu yenye RAM ya GB 1. Programu niliyowekewa ikagoma kwa kuwa shambani hakuna mtandao; nilipotembea hadi barabarani ikafunguka, ikafikiri kidogo, kisha ikajizima. Ubwiri unga haumsubiri mtu atafute mtandao. Atakayeiweka modeli ikae ndani ya simu hii, mimi kodi yangu naiachia.

Dada wa Kerneli: TVM si ya Google. Ilianzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na mwaka 2020 ikawa mradi kamili wa Apache, taasisi ya programu huria. Iliyoanzishwa na Google ni XLA, kompaila nyingine, na MLIR pia waliianzisha wao, kisha wakaikabidhi kwa LLVM, mradi huria wa kompaila, mwaka 2019.

Mzee wangu wa Hombolo, shikamoo. Modeli ya picha kama MobileNetV2 ina vigezo, yaani namba ilizojifunza, karibu milioni 3.5; kila kigezo kikihifadhiwa kwa biti 32 ni MB 14, kikipunguzwa hadi biti 8 ni MB 3.5, na simu yako inaubeba mzigo huo bila taabu. Kinachoielemea mara nyingi ni matokeo ya kati. Konvolusheni, hesabu inayochambua picha kipande kwa kipande, inaandika matokeo yake kwenye kumbukumbu, hatua ya kujumlisha inayasoma na kuyaandika tena, na ile ya kufuta namba hasi inarudia yaleyale, kama mtu anayekwenda kisimani mara tatu kwa maji ya sufuria moja. Kompaila nzuri huziunganisha hatua hizo tatu kuwa safari moja, tena hupanga mapema ni kipande gani cha kumbukumbu kitatumika upya. Hayo yote TVM inayafanya bure. Anayekosekana ni mtu wa kuketi na simu za bei nafuu zinazouzwa pale Majengo, nyingine bado za chipu za ARM za biti 32, akapima kerneli, vile vipande vya programu vinavyofanya hesabu hizo kwenye chipu, moja baada ya nyingine.

Baharia wa Kigamboni: Nimekosea jina moja, nimesomewa historia nzima. Hiyo divai yenu ya Makutupora nimeionja. Nayo inahitaji kompaila. Halafu Nuru, programu ya simu ya PlantVillage, inatambua magonjwa ya mihogo bila intaneti, na hakuna aliyeiandikia kompaila Dodoma.

Mtani wa Singida: Divai huonjwa polepole, Baharia, haigugumiwi kama maji ya dafu, ndiyo maana ilikushinda. Wasiwasi wangu mimi ni malezi. Kompaila ya nGraph ilikuwa na Intel nzima nyuma yake, na bado iliishia kumezwa na OpenVINO, zana nyingine ya Intel hiyohiyo. Kila chipu mpya inadai kerneli mpya, na kila toleo la PyTorch linakuja na operesheni ambazo kompaila ya jana haizijui. Ruzuku ikiisha, vijana wakiajiriwa kwingine, nani ataamka usiku kurekebisha?

Kijana wa Makole: Niliuliza habari za kodi, tumefika kwenye dafu. Naomba mtu amjibu Baharia kuhusu Nuru, maana hapo ana hoja.

Mkulima wa Hombolo: Marahaba, binti. Simu yangu ni Android 8, kioo kimepasuka lakini kamera ni nzima. Nikuletee lini?

Dada wa Kerneli: Jumamosi saa nne asubuhi, Nyerere Square. Njoo na majani matatu yenye unga na mawili mazima, nitakuja na kompyuta na waya. Ile programu iliyogoma usiifute, mzee, nataka nione inakufia wapi.

Baharia wa Kigamboni: Na chupa moja ya Makutupora, nijaribu tena.