Bampa limepasuka, taa imevunjika: nidai bima kubwa au nilipe mwenyewe?

Dereva wa Fuoni
Assalaam aleikum. Gari yangu, Toyota IST, imegonga nguzo ikirudi rivasi. Bampa la nyuma limepasuka, taa ya kulia imevunjika, buti halifungi mpaka lisukumwe. Hakuna gari nyengine wala mtu aliyeguswa. Fundi bodi wa Mwanakwerekwe, hapa Unguja, kataja shilingi 480,000, taa ya mtumba imo humo. Bima ni kubwa, ile inayolipa hata gari yangu mwenyewe: imekatiwa kwa thamani ya 15,000,000, ada asilimia 3.5. Mkataba unasema kila dai nibebe asilimia 10, isipungue 250,000, na sasa nina punguzo la asilimia 20 kwa kutodai. Nidai, au nimalizane na fundi?

Mlandege77
Waaleikum salaam. Tazama pesa itakayokufikia mkononi. Asilimia 10 ya 480,000 ni 48,000, haifiki kiwango cha chini, kwa hiyo unabeba 250,000 na kampuni inatoa 230,000. Ada kamili ni 525,000, punguzo lako ni 105,000 kwa mwaka, na ukidai linaondoka. Likichukua miaka miwili kurudi, umepoteza 210,000. Unabakiwa na 20,000, na gari imelala ikisubiri mkaguzi wa bima. Kwa bei hiyo lipa mwenyewe. Matengenezo yakifika 1,000,000 utapata 750,000, hapo dai. Ila soma kama mkataba wako unakata uchakavu kwenye spea mpya.

Fundi Bodi Amani
Hiyo 480,000 siiamini bado. Buti likikataa kufunga, pigo limepita bampa. Plastiki hubonyea ikarudi, ikaficha yaliyo nyuma yake. Livuliwe kwanza, ni klipu na skrubu tu. Tazama chuma cha ndani, paneli ya chini ya kitasa cha buti, na sakafu ya tairi la spea. Inua zulia: ukiona rangi imepasuka au sili imeachana, bati limekunjana, linataka kuvutwa. Puti, ule udongo wa kujazia mabonde, itaficha tu. Pima mwanya wa buti kushoto na kulia. Ukitofautiana, mpira hauzibi na mvua za masika zitaingia ndani. Na chumvi ya bahari yetu haisubiri: bati lililochubuka likikosa praima, rangi ya kwanza ya kukinga bati, kutu inatembea chini ya rangi.

Kuhusu taa, IST ya 2002 hadi 2007 na ile iliyoifuata haziingiliani. Nenda na taa yako mkononi.

Wete Kwetu
Ndugu yangu, kutoa taarifa na kudai ni mambo mawili. Mikataba mingi inataka ujulishe ajali mapema hata kama hutaki malipo. Ukinyamaza, wiki tatu baadaye bampa likavuliwa na bati likakutwa limekunjana, dai linaweza kukataliwa kwa kuchelewa. Andika barua, sema wazi kwamba ni taarifa tu, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukiamua kudai, tayarisha ripoti ya polisi wa usalama barabarani, leseni, kadi ya gari na makadirio ya gereji.

Hesabu ya Mlandege inafaa kwa nguzo. Ingekuwa gari au vespa ya mtu, usimalizane naye njiani. Leo atasema hana maumivu, kesho aje na PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, na wewe umeshakiri kosa kwa maandishi bila idhini ya kampuni. Ukigongwa wewe, dai kwenye bima ya aliyekugonga, hata kama ni ndogo, ile inayolipa hasara ya wengine tu. Piga picha hati yake ya bima, leseni na namba ya gari.

Dereva wa Fuoni
Nikivua bampa kabla ya mkaguzi kuja, siharibu dai?

Fundi Bodi Amani
Kuvua ili kutazama hakuna neno, maadamu umeshawaarifu na umepiga picha kabla: gari zima namba ionekane, kisha karibu. Kinachoharibu ni kunyoosha na kupaka rangi kabla hajaona, au kutupa vipande. Bampa na taa iliyovunjika viweke mpaka dai lifungwe.