MREJESHO: Nyumba ya Pasua, Moshi, yenye hati ya muuzaji

Wakuu, niliuliza kama muhtasari wa mwenyekiti wa mtaa (maandishi ya mauziano yanayoshuhudiwa ofisi ya mtaa) unatosha kununua nyumba ambayo tayari ina hati. Mlisema hautoshi, fanya upekuzi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu za hati, kwa Msajili wa Hati. Asanteni sana, hapo ndipo mlipookoa pesa.

Upekuzi ulionyesha rehani ya benki bado imesajiliwa. Muuzaji alishamaliza mkopo kweli, na barua ya benki anayo, ila barua haifuti kitu. Kinachofuta ni hati ya kuondoa rehani, isainiwe na benki na isajiliwe. Tukasubiri hiyo kwanza, halafu upekuzi ukarudiwa. Safi.

Ridhaa ya mke wa muuzaji nayo tuliipata. Mke alisaini mbele ya wakili, picha ikabandikwa. Jina lake halimo kwenye hati, lakini nyumba ya familia haiuzwi bila yeye.

Nilipokosea ni malipo. Mlisema nizuie sehemu ya bei mpaka uhamisho ukamilike, mimi nikabakiza kidogo mno. Mkataba unasema kodi ya ongezeko la mtaji (kodi ya faida ya kuuza nyumba) ni ya muuzaji na ushuru wa stempu ni wangu. Wangu nimelipa, yeye anavuta miguu, na bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba kodi hiyo imelipwa uhamisho hausajiliwi. Funguo ninazo, hati bado inasoma jina lake. Wakili ameshamwandikia barua ya madai.

Anayekuja nyuma yangu: bakiza kiasi kinachozidi hiyo kodi, si chini yake.