Magita mawili, distoshini mbili, mwimbaji hasikiki: bendi ya rock Tanga

Raskazone_Rifu aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Tuna bendi ya watu watano hapa Tanga: magita mawili, besi, drams na mwimbaji. Mazoezi tunafanyia chumba kimoja Ngamiani, kama mita 4 kwa 5, ukuta wa tofali na bati juu. Tunapiga rock na nyimbo ni zetu wenyewe, kwa Kiswahili. Mpiga gita wa pili katokea bendi ya kanisa, wa besi katokea taarabu.

Kila gita peke yake linalia vizuri. Tukipiga pamoja panakuwa uji mtupu na mwimbaji anabaki kufungua mdomo tu. Halafu maneno ya Kiswahili hayakai kwenye rifu (kipande kifupi cha gita kinachojirudia), yanasikika kama yamebandikwa juu. La tatu ni nyuzi: zinashika kutu hata mwezi haujaisha.

Vifaa: ampu mbili za transista za wati 60, kila moja spika ya inchi 12. Gita moja lina pikapu (vinasa sauti ya nyuzi) za koili moja, jingine lina hambaka, yaani za koili mbili. Mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya chaneli 8. Kuna wanaonishauri ninunue ampu ya wati 100. Naombeni mawazo.

---

Solo_la_Pili alijibu:

Usinunue ampu. Kutoka wati 60 kwenda 100 unaongeza kama desibeli 2 tu, na sikio kwenye chumba chenye drams halitazitambua. Ili sauti isikike imekuwa kubwa maradufu unahitaji nguvu mara kumi hivi. Tatizo lenu liko kwenye mpangilio, na mpangilio ni bure.

Anza na geini, kitufe cha ampu kinachosukuma sauti ya gita mpaka ikwaruze; mkwaruzo huo ndio distoshini. Nyumbani, kwa sauti ndogo, mtu huweka geini 8, besi juu, treble juu, sauti za kati chini kabisa, na inapendeza. Kwenye bendi mpangilio huohuo unazama: besi ya gita inagongana na gita la besi na drams ya mguu, treble inagongana na matoazi, na zile sauti za kati ulizozikata ndizo zilizokuwa kazi ya gita. Jaribuni hivi kwenye ampu zote mbili: geini 4, besi 4, kati 6, treble 5. Mkiwa peke yenu mtaona gita limenyauka. Subirini drams ziingie ndipo mhukumu.

Distoshini huzidisha kila kilichomo, pamoja na noti za ziada zinazozaliwa pale noti mbili zinapogongana ndani yake. Kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja, na shina ni noti inayoipa kodi jina. Shina na noti ya tano zikipita humo hutoka safi. Ukiongeza ya tatu, na ukipiga nyuzi zote sita, zile za ziada haziendani na kodi na ndipo uchafu unapoanzia. Kwa hiyo mwenye geini kubwa apige noti mbili, basi. Mwenye geini ndogo ndiye abebe kodi kamili, na azibebe juu.

Mfano, wimbo uko kwenye A, kodi A, D, E. Gita la kwanza linakaa chini: A kwenye freti (kijichuma kinachokatiza shingo ya gita) ya 5 uzi wa 6, ule mnene kabisa, na noti ya tano yake freti ya 7 uzi wa 5. D ni umbo hilohilo kuanzia freti ya 5 uzi wa 5, E ni freti ya 7 uzi wa 5. Gita la pili lisiguse nyuzi nene kabisa, libaki kwenye uzi wa 3, 2 na 1:

A: freti 6, 5, 5
D: freti 7, 7, 5
E: freti 4, 5, 4

Kidole hakisafiri zaidi ya freti tatu wimbo mzima. Na msipige mipigo ileile. La kwanza likivuta kodi ndefu, la pili likate vipande vifupi katikati ya mapigo. La pili likishika mstari mrefu, la kwanza linyamaze kidogo.

Hili mji wenu unalijua kitambo. Bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilipovuma kutoka Tanga miaka ya 1960 na 1970, gita la ridhimu lilikaa mahali pake na la solo mahali pake, hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Sikilizeni rekodi zao mkihesabu ni mara ngapi magita mawili yanapiga noti moja kwa wakati mmoja. Ni mara chache mno. Huyo ndugu wa kanisani na huyo wa taarabu wanalijua hilo kuliko wewe mwenye rifu, waachieni nafasi.

Kwenye ubeti mmoja wenu ashushe kitufe cha volumu cha gita hadi 6 au 7. Distoshini inapungua yenyewe bila kugusa pedali, kiitikio kikifika anarudisha 10.

---

Kuta_Mbili alijibu:

Nakubali kiasi, mkuu, lakini rock bila ukuta wa magita ni nini? Rekodi nyingi nzito zina magita mawili yakipiga rifu ileile.

---

Solo_la_Pili alijibu:

Zinayo, ila studio rifu hurekodiwa mara mbili, moja ikapelekwa spika ya kushoto na nyingine ya kulia, na katikati pakaachiwa mwimbaji. Kwenye chumba cha mita 4 kwa 5 vyote vinatoka pamoja. Mkitaka ukuta, uwekeni kwenye kiitikio tu, na ampu moja iwe kona ya kushoto, nyingine ya kulia, si zikae bega kwa bega.

Na ziinueni. Ampu ikiwa sakafuni, treble yake inapita magotini mwa mpigaji, naye anaongeza treble hadi walio mbele wanaumwa masikio. Iweke juu ya kreti ya soda, ilaze kidogo nyuma, ielekee kichwa chako. Utashusha volumu mwenyewe bila kuambiwa. Kuta za tofali zinarudisha sauti: simamisheni magodoro mawili kwenye kona. Khanga ukutani ni pambo, haimezi chochote cha maana.

Kwenye mikisa, magita yakipita humo, kata kila kilicho chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 100. Uzi wa 6 wa gita ni hezi 82, lakini uzito wa chini hapo mwachie mwenye besi. Punguza desibeli 3 za magita kati ya hezi 2,000 na 4,000, ndiko konsonanti za mwimbaji zinakokaa.

---

Beti_na_Kina alijibu:

Nichukue la maneno, maana hapo ndipo rock ya Kiswahili inapovunjikia mguu.

Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nita-RU-di, nyu-MBA-ni. Mistari mingi ya rock ya Kiingereza inaishia kwenye silabi nzito, pigo linaanguka pale na mstari unakatika. Ukichukua melodia ya namna hiyo ukaijaza Kiswahili, pigo zito linaangukia "-ni" au "-di", na msikilizaji anasikia "nyumbaNI". Hajui kwa nini, anajua tu kwamba kuna kitu kinamkwaza.

Tibu kwa kuhesabu. Pigo ni nne kwa nne, yaani kila bari (kipimo kimoja cha muziki) ina mapigo manne, drams ya mguu 1 na 3, sneya 2 na 4. Mstari "nitarudi nyumbani":

"ni-ta" ziingie mapema, kwenye pigo la 4 la bari iliyotangulia na nusu yake (katikati ya pigo hilo na linalofuata). "RU" ikae kwenye 1. "di" kwenye 2, "nyu" nusu ya 2, "MBA" kwenye 3, "ni" ianguke kwenye 4 kwa sauti ya chini.

Viambishi vya mwanzo wa kitenzi ni vyepesi, vinapenda kutangulia bari. "Tutaonana" ni tu-ta-o kwenye nusu ya 3, 4 na nusu ya 4, kisha "NA" inatua kwenye 1. Waandishi wengi wanataka kila mstari uanze kwenye 1 kamili, na ndiyo maana maneno yanaonekana kubandikwa.

La pili ni vokali. Silabi zetu karibu zote zinaisha kwa vokali, sauti haikatiki yenyewe kama inavyokatwa na konsonanti ya mwisho. Kwa hiyo rifu lazima iwe na mapumziko, la sivyo hakuna anayepumua. Rifu ya bari mbili: ijaze bari ya kwanza, ya pili iache nusu tupu, mwimbaji aingie humo. Noti ya juu kabisa ya kiitikio ipe "a" au "o". Ukimpa mwimbaji "i" au "u" pale juu koo linambana, anapaza kelele badala ya kuimba. Badilisha neno, Kiswahili kina utajiri.

Mkitaka kufuata shairi la mizani 16, nane kwa nane, kipande cha mizani 8 kitandazeni kwenye bari mbili. Ukikibana kwenye bari moja kila mizani inapata nusu pigo na hakuna pa kuvuta, unakuwa umeandika rap.

Urefu: kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, bari moja ni sekunde 2. Utangulizi bari 4, ubeti bari 16, kiitikio kinaanza sekunde ya 40. Ukiongeza utangulizi hadi bari 16 kwa sababu rifu ni tamu, tamu kwako wewe, mtu wa harusini ameshageukia sahani yake.

Na mkimaliza wimbo, siku hiyohiyo andikeni karatasi: nani katunga maneno, nani melodia, asilimia ngapi kila mmoja, wote mtie sahihi, ndipo mkasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania. Bendi nyingi hazifi kwa muziki mbaya.

---

FundiWaya_Chumbageni alijibu:

Kutu. Jasho lina chumvi, hewa ya bahari ina chumvi, na uzi ni chuma. Mkimaliza kupiga, kitambaa kikavu cha pamba kipite juu ya kila uzi na chini yake pia, huko chini ndiko kutu inakoanzia. Kisha gita liingie kwenye begi lenye pakiti za silika, zile zinazokuja kwenye maboksi ya viatu. Usilitundike ukutani mkabala na dirisha la upande wa bahari. Nyuzi zilizopakwa plastiki nyembamba zina bei zaidi, lakini kwa pwani zinarudisha gharama.

Msipake mafuta ya nazi kwenye ubao wa vidole, naona watu wanafanya. Yanachacha, yanashika vumbi, na uchafu unajikusanya pembeni mwa freti. Ubao wa mti mweusi usio na vanishi upake tone la mafuta mepesi ya madini kila unapobadilisha nyuzi, ufute mpaka ukauke. Wenye vanishi usipake kitu.

Masika shingo ya gita hucheza. Bana uzi wa 6 kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, angalia mwanya juu ya freti ya 8. Uwe milimita 0.2 hadi 0.3. Azima fila geji kwa fundi magari, ileile ya kupimia valvu. Ukizidi, kaza trasi rodi (chuma cha kunyoosha kilicho ndani ya shingo) robo mzunguko, tuni upya, pima tena. Ikigoma usilazimishe, ikikatika ndani ya shingo umeingia gharama ya gita jingine.

Kisha linganisha: noti ya freti ya 12 ikibanwa, na ile inayolia ukigusa tu uzi juu ya freti hiyohiyo. Ya kubanwa ikiwa juu, sogeza kiti cha uzi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Fanya kazi hii kwa nyuzi mpya, kutu hupotosha kipimo.

Hujauliza la umeme, ila nalisema. Mwimbaji akigusa maiki kwa mdomo huku ameshika gita akasikia kama sindano, zimeni kila kitu. Nyuzi za gita zimeunganishwa na ethi (waya wa ardhini) ya ampu, kichwa cha maiki na ethi ya mikisa. Moja ya ethi hizo imekatika, na mwili wa mwimbaji ndio waya unaoziunganisha. Sponji kwenye maiki si dawa. Ampu zote na mikisa zitoke soketi moja, asikate mtu pini ya ethi kwenye plagi eti mvumo unapungua, na soketi ipimwe na fundi umeme kabla hamjarudi humo.

---

Raskazone_Rifu aliuliza:

Shukrani sana wakuu. Hilo la sindano kwenye maiki lipo kweli, soketi itapimwa kwanza. Swali la mwisho: kati ya koili moja na hambaka, nani akae chini, nani juu? Na gita la koili moja linavuma hata nisipopiga.

---

FundiWaya_Chumbageni alijibu:

Hambaka chini, koili moja juu. Koili moja ina treble ya kukata, kodi zile za nyuzi tatu zitasikika hata kwa volumu ndogo.

Mvumo ule ni wa umeme wa hezi 50, koili inaunasa hewani kama antena. Hambaka ina koili mbili zilizounganishwa kinyume, mvumo wa moja unaua wa nyingine. Seth Lover aliibuni akiwa Gibson mwaka 1955 kwa ajili hiyo hasa. Kaa mbali na taa za tyubu na adapta za pedali, geuka taratibu mpaka upate upande usiovuma, usimame hapo. Ukishika nyuzi mvumo ukipungua, ni kawaida. Ukishika usipopungua, fungua gita utazame waya mwembamba unaokwenda kwenye daraja, mara nyingi lehemu imeachia. Pasi ya lehemu ya wati 40 inatosha. Kwaruza kutu kwanza, lehemu haishiki juu ya kutu.