Je, sarafu ya 1780 ndiyo ya bei kuliko ya 1916?

Kibindo: Salaam wadau. Nina sarafu nne za urithi: riale ya Maria Theresa ya 1780, rupia ya Mjerumani ya 1890, hela 20 ya Tabora ya 1916, na senti 10 ya Afrika Mashariki ya 1936 yenye jina la Edward VIII. Mnunuzi anadai bei hufuata umri, hivyo riale inaongoza. Kweli? Na nizing'arishe kwanza?

Mizani: Umri peke yake haupandishi bei. Riale hizo zimeendelea kupigwa hadi karne ya 20, zote zikiandikwa 1780, mwaka aliofariki Maria Theresa, malkia wa Austria. Ya kawaida inalipwa kwa madini yake: gramu 28.07, kati yake kama 23.4 ni fedha safi. Ikipungua sana uzito kwenye mizani ya sonara, ni bandia.

Senti 10 inawadanganya wengi. Edward VIII aliacha ufalme Desemba 1936, na Uingereza haikutoa sarafu za matumizi zenye sura yake, basi kila chenye jina lake kinadhaniwa hazina. Zetu zina tundu katikati, hazikuhitaji sura, zikapigwa kwa mamilioni. Bei ndogo.

Mhunzi wa Pwani: Mimi ningekaza macho kwenye hela 20. (Neno letu "hela" limetoka kwenye Heller, jina la Kijerumani la sarafu hiyo.) Zilipigwa Lulanguru, karibu na Tabora, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sarafu za Ulaya zilipokuwa hazifiki. Mihuri ya kuzipigia ilitofautiana, kwa hiyo tazama mambo matatu: ni shaba nyekundu au ya njano, taji ni kubwa au dogo, na ncha za L mbili za neno HELLER zimejikunja au zimechongoka. Mwaka ni uleule, lakini mchanganyiko mmoja umejaa kila mahali na mwingine wakusanyaji wanaugombea.

Kwenye rupia, angalia tai aliye juu ya kofia ya Wilhelm, Kaisari wa Ujerumani. Hapo ndipo panapotangulia kusagika. Manyoya yakisomeka, bei iko mbali kabisa na ile ya tai aliyebaki kivuli.

Mizani: Na tafadhali usizing'arishe! Limau hula uso wa shaba na kuuacha na wekundu mbichi. Majivu na steelwool huacha mikwaruzo inayoonekana ukiinamisha sarafu chini ya taa. Mkusanyaji huihesabu imeharibika, na hakuna dawa ya kuirudisha. Udongo ukizidi, loweka kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke usiku kucha, kisha gusishia kitambaa laini bila kusugua. Shika kwa ukingo. Usihifadhi kwenye plastiki laini ya PVC, huleta utando wa kijani unaonata. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi inatosha.

Kibindo: Hela ni ya njano, L zote mbili zimejikunja. Taji sina uhakika.

Mhunzi wa Pwani: Ipige picha pande zote mbili, mwanga ukitoka ubavuni, ulinganishe na picha za katalogi. Ukishaijua aina, tafuta bei za minada iliyokwisha kufungwa. Bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji tu.