Naomba ushauri: kuwauzia majirani waifai
Habari zenu wanajamvi. Nina saiba ndogo (duka la huduma za intaneti) huku Baragoi, Samburu, Kenya: kuchapisha, fomu za eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), marejesho ya kodi ya KRA (mamlaka ya ushuru). Zamani nilitegemea bando za simu. Mnara ukizimika, wateja waliotembea tangu alfajiri walirudi mikono mitupu. Sasa nimefunga dishi la setilaiti. Kasi nzuri, ila ada ya mwezi inanimaliza (na sola haifiki usiku). Nilipandisha bei ya kuchapisha, watu wakanuna. Majirani wenye maduka wanataka niwauzie waifai kwa saa. Je, kwa maduka 4 tu nahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano? Na mnaofanya hivi, mnamzuiaje mmoja asimalize kasi yote kwa video?