Somo la Hajiri limeniponza usharikani, naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Mwanafunzi wa Kilolo

Wakuu, kamwene.

Nasoma theolojia, mwaka wa tatu, na sasa niko mafunzo kwa vitendo kwenye usharika mmoja wa vijijini huku Kilolo. Muhula uliopita tulifundishwa kuisoma Biblia kwa nadharia za fasihi: nani anasimulia, nani anatajwa kwa jina, nani hapewi nafasi ya kusema, msomaji anawekwa upande wa nani. Ilinikolea. Tasnifu yangu naitaka iwe juu ya Hajiri, mjakazi wa Sarai, Mwanzo 16 na 21.

Jumatano moja nikapewa kipindi cha akina mama. Nadharia sikuitaja hata moja. Niliomba tu tusome sura ya 16 polepole, na kila mtu akimtaja Hajiri tuseme kamwitaje. Sarai: mjakazi wangu. Abramu: mjakazi wako. Jina "Hajiri" analo msimulizi peke yake, mpaka mama wa watu ateswe, akimbilie jangwani, na huko wa kwanza kumwita kwa jina ni malaika.

Kimya. Halafu mama mmoja, ambaye binti yake yuko Dar kwenye kazi za ndani tangu amalize darasa la saba, akasema: "Na wangu kule ni dada. Baba mwenye nyumba dada, mtoto wa miaka miwili dada. Nikipiga simu ya bosi nikamtaja kwa jina, naulizwa, nani huyo?"

Mnajua wenyewe mabasi ya pale Ipogolo yanavyobeba wasichana. Kipindi cha saa moja kikaenda saa tatu, watu wanalia.

Jumapili wazee wa kanisa wawili wakaniita. Nimeleta mafundisho ya Wazungu, nimemvunjia heshima Ibrahimu baba wa imani, nachochea akina mama. (Mmoja wao ndiye anayewatafutia mabinti kazi mjini, ila hilo naliacha.) Jumamosi nakaa na baraza zima, na ripoti yangu inasainiwa hapohapo. Niombe radhi yaishe? Na tasnifu nibadilishe?

Ngano ya Makete

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Saini kwanza, Hajiri atakusubiri, kasubiri miaka mingi. Pole lakini.

Babu wa Rungwe

Binti yangu, nimehudumu madhabahuni miaka mingi, nivumilie nikuulize. Malaika alipomaliza kumwita jina, alimwambia nini? Mstari wa 9: "Rudi kwa bibi yako, ukanyenyekee chini ya mikono yake." Mliusoma huo? Maana kama uliishia pale palipokupendeza, huna tofauti na mhubiri anayeanzia hapo kwa sababu panampendeza yeye.

La pili. Nadharia zenu nyingine zina mwiba. Yule Mfaransa, Roland Barthes, alitangaza mwaka 1967 kwamba mwandishi amekufa, maana ya andiko iko kwa msomaji. Sisi tunaamini Mwandishi wetu yu hai. Baraza likikubana hapo usirukeruke, jibu.

Lakini hili la "mafundisho ya Wazungu" limenichekesha. Huku kwetu Injili yenyewe ililetwa na Wamoraviani wa Ujerumani mwaka 1891. Na aliyemgeuza Hajiri kuwa kitu kingine kabisa ni Paulo, fungua Wagalatia 4: Hajiri kawa mlima Sinai, kawa agano, kawa Yerusalemu ya sasa, na Paulo anasema wazi kwamba anasema kwa mfano. Hakuna aliyemwita kwenye baraza.

Bint Mwanjelwa

Mie Muislamu, niko Mbeya mjini, naomba nichungulie kidogo. Kwetu Bi Hajar ni mama. Kila anayehiji anakwenda Safa na Marwa mara saba, nyayo za mwanamke anayemtafutia mwanawe maji. Na jina lake Qurani haijalitaja! Surat Ibrahim aya ya 37 inataja kizazi kilichowekwa kwenye bonde lisilo na mimea, basi. Jina tunalipata kwenye Hadithi. Kwa hiyo dada yangu angalia usiijenge tasnifu yote juu ya kutajwa jina. Mtu anaweza asitajwe na umma mzima ukatembea alikotembea yeye.

Mwanafunzi wa Kilolo

@Bint Mwanjelwa umenipa kazi ya usiku mzima. Ila na wewe umeniita dada, haya.

@Babu, shikamoo. Mstari wa 9 niliuruka. Ni kweli.

Kalamu ya Tosa

Usibadili mada. Mtafute Delores Williams, mwanatheolojia Mmarekani mweusi. Mwaka 1993 alimsoma Hajiri akiwa na wanawake wa kwao kichwani, waliokuwa watumwa, kisha watumishi wa majumbani. Huo mstari wa 9 hakuukwepa: alisema Mungu pale hamkomboi Hajiri, anamwezesha kubaki hai. Unaweza kumpinga, lakini huwezi kusema karuka. Kabla yake yuko Phyllis Trible, 1984. Na kama baraza linataka Mwafrika, yuko Musa Dube wa Botswana, aliyekaa na wanawake wa makanisa ya Kiafrika wakasoma pamoja habari ya mwanamke Mkanaani, Mathayo 15. Wewe umefanya hayohayo kwenye benchi za Kilolo.

Barthes naye Babu asimwogope sana. Aliandika uchambuzi wa Yakobo akishindana mweleka pale Yaboki, na ni usomaji makini wa andiko lenyewe, neno kwa neno.

Halafu mstari wa 13 vipi? Asiyeitwa jina na mabosi wake ndiye anayempa Mungu jina.

Nilikuwa dada

Mimi nilikuwa huyo dada. Miaka minne, Tabata. Bosi alikuwa mlokole, niliposema nataka kuondoka akaniketisha sebuleni akanisomea huo mstari. "Rudi kwa bibi yako." Nilikuwa na miaka kumi na sita, bibi ninayemjua ni mmoja tu, yuko Mufindi. Nikasema asante mama, nikaenda kufungasha. Alishangaa sana.

Mwanafunzi wa Kilolo

MREJESHO. Tumekaa kuanzia saa tisa hadi giza. Nilianza kwa kukiri mstari wa 9, nikausoma kwa sauti, nikasema nilipoachia palikuwa pabaya. Wakatulia kidogo. Wagalatia 4 ilichukua saa nzima, maana wazee walianza kubishana wenyewe kwa wenyewe, mimi nikawa mtazamaji. Kuhusu Mwandishi yu hai nilijibu kwamba naamini hivyo, ndiyo maana namsikiliza amemwita nani kwa jina. Sijui kama waliridhika.

Uamuzi: kipindi naendelea nacho, mzee mmoja akae ndani, na sura ya 21 isiguswe mpaka mchungaji awepo. Ripoti haijasainiwa. Yule mzee wa kutafuta kazi hakuja kikaoni.

@Nilikuwa dada, naomba ruhusa niweke kisa chako cha bibi kwenye tasnifu. Utaratibu wa chuo ni kuficha jina la msimulizi, lakini kwa hili nimeona nikuulize mwenyewe. Nikuandike nani?